Zabibu Zimewahi Kuiva: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mavuno ya Mapema Alsace

Kila mwaka ambao mikasi inaingia mashambani Agosti, maswali huja kwa mkupuo. Mengine hutoka kwa wapenzi wa mvinyo mweupe wanaohofia chupa zao, mengine kwa wanaofuatilia habari za tabianchi, na machache kwa watu wanaotaka kwenda kuchuma. Majibu hayalingani urefu kwa sababu maswali yenyewe hayalingani uzito.

Mavuno huitwa "ya mapema" kwa kulinganishwa na nini?

Na kalenda, wala si na mzabibu. Ukilishika hili, nusu ya maswali yanayofuata yatajijibu. Mzabibu haujui Agosti wala Septemba. Wenyewe huhesabu tangu macho yalipochipua, tangu maua yalipochanua, tangu tunda lilipoanza kulainika. Wazee wa mashambani husema siku mia moja tangu maua hadi mavuno, na hesabu hiyo haiko mbali sana na ukweli, ingawa mwaka wa joto huikata siku kadhaa. Maua yakichanua mwishoni mwa Mei badala ya katikati ya Juni, zabibu zitakuwa tayari wiki mbili au zaidi kabla ya zamani zake, na hakuna mtu aliyeharakisha chochote. Kwa hiyo mkulima anayevuna tarehe 25 Agosti huenda hajawahi. Huenda hata amechelewa.

Alsace ni wapi, na kwa nini husemwa ni nchi ya mvinyo mweupe?

Ni kaskazini mashariki mwa Ufaransa, ukanda mwembamba kati ya milima ya Vosges na mto Rhine, mpakani na Ujerumani. Mashamba yamelala kwenye miteremko ya chini ya milima, kuanzia Marlenheim karibu na Strasbourg hadi Thann upande wa kusini, na barabara ya mvinyo iliyozinduliwa mwaka 1953 inayazunguka kwa kilomita 170 hivi. Chupa tisa kati ya kumi, au karibu na hapo, ni za mvinyo mweupe: Riesling, Gewurztraminer, Pinot Gris, Pinot Blanc, Auxerrois, Sylvaner, Muscat. Zabibu ya mvinyo mwekundu ni moja tu, Pinot Noir.

Milima ya Vosges huyazuia mawingu yanayotoka magharibi. Mvua humwagwa upande wa pili, na Colmar, mji ulio katikati ya mashamba haya, ukabaki miongoni mwa miji mikavu kabisa ya Ufaransa. Sifa ya Alsace ilijengwa na vuli yake: mchana jua jepesi, usiku baridi, na zabibu zikikaa mtini hadi Oktoba bila kunyeshewa sana. Ndiyo maana neno "Agosti" huwashtua wenyeji wa huku kuliko linavyowashtua watu wa kusini mwa Ufaransa, waliolizoea.

Zamani walivuna lini, na sasa wanavuna lini?

Kumbukumbu ndefu kuliko zote zinatoka kwa jirani, mji wa Beaune katika eneo la Burgundy. Mwaka 2019 watafiti walichapisha orodha ya tarehe za kuanza mavuno Beaune tangu 1354 hadi 2018. Hadi mwaka 1987 wastani ulikuwa tarehe 28 Septemba. Tangu 1988 umekuwa wa mapema zaidi kwa siku 13. Karne sita na ushee za kupanda na kushuka, kisha ghafla mstari unahama na haurudi.

Beaune si Alsace, lakini upepo unaozipiga ni mmoja. Katika Alsace ya miaka ya 1970, Riesling ilikuwa ya Oktoba bila mjadala. Siku hizi Septemba ndiyo mwezi wa kazi, na katika miaka ya joto kali, kama 2003, 2018, 2020 na 2022, mikasi ya kwanza imesikika Agosti. Watafiti wa Colmar walipopima miaka thelathini ya mavuno, katika kazi iliyotoka mwaka 2005, waliona kwamba sukari iliyomo ndani ya Riesling siku ya kuvunwa ilikuwa imepanda kiasi cha kuongeza alkoholi kwa takriban asilimia 2.5 ya ujazo. Yaani mizabibu haikuvunwa mapema tu. Ilivunwa mapema na bado ikawa na sukari nyingi kuliko ile ya babu zao.

Nani huamua siku ya kuanza?

Hapo kale aliamua mwenye ardhi, kanisa au baraza la mji. Siku ilitangazwa, na kuchuma kabla ya tangazo lilikuwa kosa la kutozwa faini. Sababu zilikuwa za haki na za tamaa pia: kuhakikisha zabibu zimeiva, kuzuia wezi wasijifanye wavunaji, na kumwezesha mkusanya zaka kuona mafungu yote kwa siku zilezile. Matangazo hayo yaliandikwa vitabuni, na ndiyo yanayowapa wanahistoria wa hali ya hewa tarehe zao leo. Mkusanya zaka hakujua kwamba anaandika historia ya joto.

Upande wa pili wa Rhine husimuliwa kisa cha mwaka 1775. Watawa wa Johannisberg walingoja ruhusa ya kuvuna kutoka kwa askofu wa Fulda, mpanda farasi akachelewa kurudi nayo, na zabibu zikaanza kuoza. Walizikamua hivyohivyo, na mvinyo ukatoka mtamu ajabu. Kwa muda mrefu hofu ilikuwa kuchelewa kwa ruhusa. Leo hofu imegeuka.

Siku hizi Alsace ina tarehe rasmi kwa kila kundi la mvinyo. Wakulima na maabara hupima sampuli kutoka mashamba ya sehemu mbalimbali, chama chao hupendekeza, na mamlaka huidhinisha. Lakini tarehe hiyo hufungua mlango tu. Anayeingia siku hiyo, anayengoja siku kumi, kila mtu na shamba lake.

Kwani kuvuna mapema si kuvuna mbichi?

Si lazima, na hapa ndipo penye kiini cha mambo.

Ndani ya tunda moja la zabibu kuna saa tatu, kila moja na mwendo wake. Ya kwanza ni ya sukari. Majani hutengeneza sukari kwa jua na kuipeleka kwenye tunda, na kukiwa na jua na unyevu wa kutosha, sukari hupanda mbio. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu huzaa asilimia moja ya alkoholi. Gramu 204, basi, ni mvinyo wa asilimia 12.

Saa ya pili ni ya uchachu. Zabibu changa hujaa asidi mbili: tartariki, na maliki, ile inayokukunja uso unapouma tofaa bichi. Tartariki ni ngumu, joto haliitikisi sana. Maliki ndiyo mgonjwa wetu. Tunda huichoma kama kuni ili lipate nguvu ya kuishi, na kadiri joto linavyozidi ndivyo kuni zinavyoteketea. Usiku wa baridi moto hufifia na akiba husalia. Usiku wa joto, tunda linaamka asubuhi likiwa limekula akiba yake. Ukiniuliza kipi cha kuogopa zaidi mwaka wa mapema, nitakwambia si jua la saa nane mchana. Ni usiku ambao huhitaji kujifunika shuka.

Saa ya tatu ni ya harufu. Hii hukaa zaidi katika ganda na chini yake tu, na haifuati sukari hata kidogo. Harufu ya waridi na lichi inayoifanya Gewurztraminer itambulike hata ukifumba macho hujengeka taratibu, nyingi yake katika wiki za mwisho.

Katika miaka ya baridi ya zamani, sukari ndiyo iliyochelewa. Mkulima aliingoja hiyo, na ilipofika, harufu ilikuwa imeshatangulia. Katika mwaka wa joto mpangilio hupinduka: sukari imefika, asidi inakimbia, harufu bado iko njiani. Avune leo apate mvinyo mchangamfu lakini bubu? Au angoje siku nane apate harufu yake, pamoja na alkoholi ya asilimia 14 na mvinyo uliolegea? Mbivu na mbichi zimo ndani ya tunda lilelile, na hakuna tarehe inayoziridhisha zote.

Mkulima anajuaje kwamba siku imefika?

Kwa miguu kwanza. Hupita kati ya mistari akichuma tunda hapa na tunda pale, upande wa jua na upande wa kivuli, juu ya kishada na chini yake, hadi apate kama mia mbili. Anayechuma sampuli kwa macho bila utaratibu huvutwa na matunda mazuri, na matunda mazuri husema uongo kuhusu shamba. Matunda huvunjwa ndani ya mfuko, tone moja la maji yake likawekwa kwenye kidarubini cha kupimia sukari, na yaliyobaki yakapelekwa maabara kupimwa asidi.

Kisha hutafuna. Ganda likiwa gumu na kuacha uchungu wa majani, bado. Mbegu ikiwa ya kijani na yenye kubana ulimi, bado. Mbegu ikiwa ya kahawia na kuvunjika kama njugu iliyokaangwa, karibu. Nyama ikiachana na mbegu bila kung'ang'ania, karibu zaidi. Kidarubini hakidanganyi, ila huulizwa swali moja tu, na mdomo huulizwa mengi. Sijasikia mkulima mzuri anayetumia kimoja pekee.

Tofauti ya mwaka wa mapema iko kwenye mwendo. Mwaka wa kawaida unaweza kupima mara moja kwa wiki ukalala usingizi. Agosti yenye joto, wiki moja inatosha kuongeza asilimia nzima ya alkoholi, kwa hiyo watu hupima kila siku mbili, na likizo ya familia ndiyo hulipia.

Kwa nini mvinyo mweupe huathirika kuliko mwekundu?

Mwekundu huchachuka pamoja na maganda yake na kuchukua humo tanini, ile hali ya kukauka mdomoni kama chai iliyozidi majani. Tanini ni nguzo. Mweupe hukamuliwa mara tu unapofika, maganda yakatupwa kando, na ukabaki na nguzo moja: asidi. Ikilegea, nyumba yote inalegea.

Isitoshe, mtindo wa Alsace hauna pa kujificha. Wengi huepuka uchachukaji wa pili unaogeuza asidi kali kuwa laini, na huhifadhi mvinyo katika mapipa makubwa ya mwaloni yaliyozeeka, ambayo hayatoi tena ladha ya mbao. Hakuna vanila ya kufunika kasoro. Halafu kuna suala la usalama: asidi ikipungua, salfa inayowekwa kuulinda mvinyo hupoteza sehemu ya nguvu zake na bakteria hupata nafasi.

Zabibu zipi hutangulia kuvunwa?

Zile za mvinyo wa mapovu, Crémant d'Alsace. Huu unahitaji asidi nyingi na sukari ya wastani, kwa sababu utachachuka mara ya pili ndani ya chupa na kuongeza alkoholi yake humo. Vishada huchumwa kwa mkono vikiwa vizima, na sheria inataka kilo 150 za zabibu zitoe lita 100 tu za maji. Mtu akikuambia "Alsace wameanza kuvuna tarehe 24 Agosti", karibu kila mara anazungumzia zabibu za crémant, si Riesling. Magazeti husahau kulisema hili.

Baada ya hapo hufuata jamii ya Pinot na Muscat, kisha Riesling na Gewurztraminer, na mwisho kabisa mashamba yaliyoachwa kwa ajili ya mvinyo mtamu.

Huo ndio mpangilio wa mwaka mtulivu. Mwaka wa joto huuvuruga: aina nne huwa tayari wiki moja, na hapo tatizo linahama kutoka shambani hadi kwenye mashine ya kukamulia. Mzigo mmoja hukamuliwa taratibu kwa saa kadhaa, kwani ukiharakisha unatoa uchungu wa maganda na vikonyo. Ikiwa una mashine moja na tela tatu zimesimama nje juani, zabibu za tela ya tatu zinaanza kuchachuka bila kukuomba ruhusa. Mwaka wa mapema ni mwaka mfupi, na ufupi huo ndio unaoharibu mvinyo mwingi kuliko joto lenyewe. Mwenye matangi ya kutosha, mashine ya pili na mtu wa kuziendesha usiku hupata mvinyo mzuri. Jirani yake, mwenye zabibu zilezile, hupata mvinyo wa kawaida.

Kwa nini wanachuma alfajiri?

Tunda lililochumwa saa nane mchana huingia na joto la nyuzi 30. Maji yake hubadilika kuwa kahawia haraka, chachu za porini huamka, na umeme wa kuyapoza hugharimu sana. Lililochumwa kabla jua halijapanda huingia likiwa limepozwa na usiku, bure.

Mkono au mashine?

Kwa crémant, kwa mashamba yenye hadhi ya juu ya Grand Cru (yako 51) na kwa mvinyo mtamu wa mavuno ya kuchelewa, ni mkono, kwa sheria. Kwingine mashine inaruhusiwa. Mashine hupanda juu ya mstari na kuutikisa mzabibu hadi matunda yaanguke bila vikonyo. Hudharauliwa sana na watu wasiowahi kukimbizana na mvua ya mawe. Usiku mmoja mashine inaweza kuokoa shamba ambalo kikosi cha watu kingelimaliza baada ya siku nne, zabibu zikiwa zimeshazidi.

Asidi ikipungua, si waongeze tu?

Sheria za Ulaya ziligawa mashamba ya mizabibu kwa kanda. Za kaskazini ziliruhusiwa kuongeza sukari kwa sababu zilidhaniwa hazitaiva vya kutosha, na za kusini kuongeza asidi kwa sababu zilidhaniwa zitazidi. Alsace iliwekwa upande wa baridi. Mwaka 2003 joto lilipoifunika Ulaya, Umoja wa Ulaya ulilazimika kutoa ruhusa maalumu kwa maeneo ya kaskazini kuongeza asidi. Sheria nzima ilikuwa imeandikwa na watu waliokuwa wakiogopa baridi.

Hata inaporuhusiwa, si dawa. Asidi iliyomiminwa tangini mara nyingi husimama peke yake kwenye ulimi, kama mgeni aliyekataa kuketi. Njia ninayoipenda zaidi ni ya zamani: kulivuna shamba kwa awamu mbili, sehemu moja mapema kwa ajili ya uchangamfu, nyingine baadaye kwa ajili ya harufu, kisha kuchanganya.

Je, ukame nao huharakisha kuiva?

Hadi kiwango fulani. Ukizidi, mzabibu hufunga vitundu vya majani ili usipoteze maji, na ukivifunga unaacha kutengeneza sukari. Ndiyo maana katika kiangazi kikali mno utakuta mzabibu mchanga wenye mizizi mifupi umesimama tu, matunda madogo na magumu, wakati shamba la mizabibu mikongwe lililo jirani linaendelea. Mvua ya siku moja mwishoni mwa Agosti inaweza kuamsha kila kitu.

Kama joto limeongezeka, kwa nini bado tunasikia mizabibu imeuawa na baridi?

Kwa sababu ya machipukizi. Machi yenye joto huyaamsha mapema, na usiku wa baridi kali wa Aprili bado uko palepale ulipokuwa siku zote. Jicho lililofungwa huvumilia baridi. Chipukizi la kijani halivumilii jalidi hata ya nyuzi mbili chini ya sifuri. Aprili 2017 Alsace ilipigwa hivyo, pamoja na maeneo mengine mengi ya Ufaransa. Mwanzo wa mapema, basi, una hatari mbili katika mwaka mmoja, moja majira ya kuchipua na nyingine Agosti.

Mavuno ya mapema maana yake ni mazao kidogo?

Hapana. Nchini Ufaransa, mwaka 2003 ulikuwa wa mapema na haba. Mwaka 2018 ulikuwa wa mapema na shamba lilijaa.

Wachumaji wanapatikana Agosti?

Kwa upande mmoja ni rahisi zaidi: wanafunzi bado wako likizo. Kwa upande mwingine, watu wa kawaida wa kila mwaka wamepanga Septemba, na simu ya "njoo Jumatatu" huwakuta ufukweni. Ufaransa ina mkataba maalumu wa kuvuna zabibu, usiozidi mwezi mmoja, ambao hata mtu aliye kwenye likizo yenye malipo kutoka kazi yake ya kawaida anaruhusiwa kuusaini.

Joto ndilo swali zito. Septemba 2023 wachumaji kadhaa walifariki huko Champagne wakati wa wimbi la joto, na jambo hilo liliitikisa sekta nzima. Tangu tarehe 1 Julai 2025 kanuni mpya za Ufaransa zinamlazimu mwajiri kuchukua hatua idara ya hali ya hewa inapotoa tahadhari ya joto: kubadilisha saa za kazi, maji baridi ya kutosha, vipumziko, kivuli. Ukienda kuchuma, uliza haya kabla ya kuuliza malipo. Kofia ubebe mwenyewe.

Mvinyo mtamu wa mavuno ya kuchelewa utakufa?

Huo hujulikana kwa jina la Vendanges Tardives, na ulipewa sheria yake mwaka 1984. Wakati ule kupata sukari inayotakiwa ilikuwa bahati ya miaka michache. Leo sukari si tatizo kabisa. Kinachopungua ni asidi ya kuubeba utamu huo, na vilevile asubuhi za ukungu zinazofuatwa na mchana mkavu, ambazo ile kuvu nzuri inayokausha tunda na kulikoleza huzihitaji. Bila hizo, zabibu hukauka tu kwa jua na kutoa mvinyo mtamu usio na kina.

Kwa jirani hali ni kali zaidi. Ujerumani hutengeneza mvinyo wa zabibu zilizogandishwa mtini, na kwa hiyo huhitaji usiku wenye nyuzi saba chini ya sifuri. Katika mavuno ya mwaka 2019 usiku huo haukutosha mahali popote, na taasisi ya mvinyo ya nchi hiyo ikatangaza kwamba kwa mara ya kwanza hakuna eneo hata moja lililofaulu.

Mvinyo wa mwaka wa mapema hudumu miaka mingi?

Wataalamu wengi wangesema asidi ndiyo inayohifadhi mvinyo mweupe, kwa hiyo mwaka wa joto hudumu kidogo. Kwa kawaida ni kweli. Lakini mwaka 1540 ulikuwa wa joto na ukame wa kutisha katika Ulaya ya kati, na chupa ya mvinyo mweupe wa mwaka huo kutoka Würzburg, Ujerumani, ilifunguliwa London mwaka 1961. Walioonja walikuta bado una uhai, kwa dakika chache, kabla hewa haijaugeuza siki. Na chini ya hospitali ya Strasbourg, katika ghala lililoanza mwaka 1395, kuna pipa lenye mvinyo mweupe wa 1472 ambao umeonjwa mara chache mno, mojawapo ikiwa mwaka 1944 mji ulipokombolewa.

Kwa chupa yako ya kawaida ya Riesling ya mwaka wa joto, ushauri wangu ni mwepesi: inywe ndani ya miaka mitano, na usingoje harusi ya mjukuu.

Lebo inaweza kunisaidia?

Sasa inaweza. Kwa muda mrefu malalamiko makubwa kuhusu Alsace yalikuwa kwamba hujui kama chupa ni kavu au tamu mpaka uifungue, na miaka ya joto ilizidisha tatizo kwa sababu hamira hushindwa kumaliza sukari yote. Kuanzia mavuno ya 2021, mvinyo wa Alsace lazima utaje kiwango cha utamu: *sec* ni mkavu, *demi-sec* una utamu kidogo, *moelleux* ni mtamu kiasi, *doux* ni mtamu hasa. Tazama pia alkoholi. Riesling kavu yenye asilimia 12 na ile yenye 14 za mwaka mmoja zinakuambia mkulima gani aliwahi na yupi alingoja.

Wakulima wanabadilisha nini?

Mengi madogo kuliko moja kubwa. Zamani majani yaliyokizunguka kishada yaliondolewa ili jua liingie, lakini sasa wengi huyaacha, hasa upande wa magharibi, kwa sababu tunda la Riesling lililochomwa na jua hutoa mvinyo wenye harufu nzito ya mafuta ya taa kabla ya wakati wake. Wengine hupogoa wakiwa wamechelewa makusudi ili macho yasiamke mapema. Mashamba ya juu, karibu na msitu, yaliyodharauliwa kwa ubaridi wake, sasa yanatafutwa.

Mabadiliko yanayosema mengi kuliko yote yalikuja mwaka 2022: Pinot Noir, mwekundu wa pekee, ilikubaliwa rasmi kuwa Grand Cru katika mashamba mawili, Hengst na Kirchberg de Barr. Eneo la mvinyo mweupe limeanza kuiva vizuri hata kwa mwekundu. Wapo wanaofurahi. Mimi, mpenzi wa Riesling, nimenuna kidogo.

Nikienda Oktoba nitakuta mavuno?

Mwaka wa mapema utakuta mistari imeshavuliwa matunda na majani yakigeuka dhahabu, labda na viraka vichache vya zabibu za kuchelewa vimefunikwa nyavu dhidi ya ndege. Lakini utawahi mvinyo mpya, ule wa maji ya zabibu unaoendelea kuchachuka, wenye ukungu, mtamu na wenye kuchomachoma ulimi, unaonywewa na jozi mbichi. Usiufunge kwa nguvu kwenye chupa ukauweka garini. Bado unafanya kazi, na kizibo kitaruka kabla hujafika.